Chura, Viatu na Kura

Wako wazazi, na miongoni mwao wamo wanachama na wafanyakazi hodari, ambao wakipita karibu na darasa la awali na kusikia watoto wakiimba na kuangua vicheko, huuliza kwa hasira: "Hawa wanafundishwa nini?" Wao hutaka kuliona daftari limejaa herufi. Mtoto wa miaka 4, ambaye vidole vyake havijaweza kuishika kalamu sawasawa, akirudi nyumbani bila alama ya vema, mwalimu huhesabiwa kuwa mvivu.

Ndugu wasomaji, katika jambo hili mwalimu aonewa.

Tuitazame hali ya mikoa ya Iringa na Mbeya. Mtoto wa kijijini Iringa huondoka nyumbani na "kamwene" mdomoni. Mwenziwe wa Rungwe huondoka na "ugonile". Wafikapo darasani hukutana na Kiswahili, lugha ya Taifa ambayo wengine wao waliisikia kwa mbali tu, redioni au gulioni. Kihehe na Kinyakyusa havitenganishi sauti za l na r kama Kiswahili kifanyavyo. Matokeo yake twayajua sote: mtu mzima, mwenye heshima zake, husimama mkutanoni akawaomba wajumbe "kula", nao wajumbe wakacheka huku wakijua fika kwamba aomba kura. Kosa hilo halikuanzia mkutanoni. Lilipita darasani bila mtu kulishughulikia, au lilishughulikiwa kwa fimbo, na fimbo haijapata kumfundisha mtu kutamka.

Wimbo wa upuuzi waweza kulifanya lile ambalo fimbo haliwezi. Huu nimeutunga mwenyewe, na sidai kuwa ni ushairi:

Chura wa Rungwe kanunua viatu,
Kavaa kimoja, kabeba vitatu;
Kalia, karuka, kalia, karuka,
Mamaye kasema: mwana, vaa shuka!

Mstari wa tatu waupeleka ulimi kwenye l, kisha kwenye r, kisha waurudisha, na mtoto haoni kama anasahihishwa. Yeye anamwigiza chura. Akikosea, wenziwe watacheka, lakini walikuwa wakicheka tangu mwanzo. Mstari wa pili wabeba hesabu: chura alinunua viatu vingapi? Hapo vidole huinuliwa, na hesabu hufanyika kabla neno "kujumlisha" halijatajwa. Tena Kiswahili chatusaidia sana, maana maneno yake karibu yote huishia na irabu, na vina hupatikana kwa wepesi. Mtoto anayesikia kwamba "viatu" na "vitatu" vyafanana mwishoni amekwisha kuanza kulipasua neno katika silabi zake, na kazi hiyo hiyo ndiyo atakayoifanya akianza kusoma.

Tusisahau baridi. Mwezi wa Juni na Julai, ukungu ukiwa umeifunika Mufindi na mashamba yake ya chai, watoto huingia darasani wakitetemeka. Kumwambia mtoto huyo akae kimya na kunakili herufi ni kumwadhibu. Aruke kama chura kwanza.

Mjini Mbeya kuna ugonjwa mwingine. Katika baadhi ya shule zinazofundisha kwa Kiingereza, watoto huimba juu ya daraja la London na juu ya theluji. Sipingi mtoto kujifunza lugha ya kigeni. Lakini upuuzi humchekesha yule tu anayeujua ukweli uliopinduliwa. Mtoto wa Mwanjelwa amjua chura, ajua viazi vya Uporoto na ndizi za Tukuyu, na ndizi iliyovaa suruali itamchekesha bila kutafsiriwa.

Zamani malezi haya yalikuwa mikononi mwa vijiji, mashirika ya dini na Umoja wa Wanawake, kwani Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilielekeza nguvu katika elimu ya msingi kwa wote. Sera ya mwaka 1995 iliyaingiza madarasa ya awali katika mfumo rasmi, na ile ya mwaka 2014 ikaifanya elimu hiyo kuwa ya lazima. Ada ilipofutwa mwaka 2016, watoto walimiminika. Desemba 2021 Serikali ilizindua programu ya Taifa ya malezi na makuzi ya watoto wadogo. Kwenye karatasi, basi, hatuna upungufu. Upungufu u katika vyumba, na katika walimu, ambao mahali pengi ni vijana wa kujitolea wanaolipwa kwa michango ya wazazi, michango ambayo huchelewa. Na wazazi wanaochelewesha michango ndio hao hao wanaouliza kwa nini watoto wanaimba.

Matawi na kamati za shule zingeweza kuanza na jambo dogo: kuwaita bibi wa kijiji darasani mara moja kwa juma. Wao wanazo nyimbo za watoto za Kihehe, Kisafwa na Kinyakyusa, na mwalimu angeweza kuzitungia ndugu zake za Kiswahili. Gharama yake ni kiti kimoja na kikombe cha chai.

Wimbo wangu wa chura niliujaribu kwa mtoto wa jirani, mwenye miaka 5. Alicheka, akaruka, akahesabu viatu 4 barabara. Kisha akauliza chura alizipata wapi fedha za viatu. Nikamwambia nitaongeza ubeti.