Rekodi za kura Songwe: sare, mhamaji na mizani

Rekodi ya kwanza ya Mkoa wa Songwe haikutangazwa na tume yoyote. Ni Kimondo cha Mbozi, pande la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi lililolala kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Wanasayansi walilifahamu mwaka 1930, na tangu hapo linatajwa miongoni mwa vimondo vikubwa duniani. Ila ukiuliza uzito, mmoja atakwambia tani 12, mwingine tani 16. Kwa hiyo kabla ya kusifia ukubwa wa kitu, uliza kimepimwaje. Madereva wa malori wanaosimamishwa kwenye mizani ya Mpemba wanalijua hilo kuliko wasomi. Tuzipitishe basi kura za mkoa huu kwenye mizani hiyo hiyo.

Mkoa uliozaliwa na wabunge wake

Oktoba 25, 2015, watu wa Tunduma, Vwawa na Ileje walipiga kura wakiwa watu wa Mbeya. Mwaka 2016 mkoa ukamegwa, makao makuu yakawekwa Vwawa, na Songwe ikaanza maisha ikiwa na wabunge 6 ambao tayari walikuwa wamekaa vitini Dodoma. Hata jimbo la Songwe lenyewe, lenye jina sawa na mkoa, lilitoka Chunya. Ni kama mtoto kuzaliwa na meno: si jambo la kawaida, lakini wakunga wamewahi kuliona.

Sare safi kuliko zote: 3 kwa 3

Wabunge hao 6 waligawanyika katikati. Chadema ilikuwa na Frank Mwakajoka wa Tunduma, David Silinde wa Momba na Pascal Haonga wa Mbozi. CCM ilikuwa na Japhet Hasunga wa Vwawa, Janet Mbene wa Ileje na Philipo Mulugo wa Songwe. Katika uchaguzi huo wa 2015, kitaifa John Magufuli alipata asilimia 58.46 na Edward Lowassa 39.97, ushindi mwembamba kuliko wote ambao mgombea urais wa CCM amewahi kutangaziwa tangu vyama vingi virudi kwenye sanduku la kura mwaka 1995. Songwe ilikuwa nchi ile kwa udogo, yenye ushindani mkali zaidi.

Waliokesha vituoni usiku ule wanaikumbuka Fomu 21B, ile ya matokeo ya ubunge. Mawakala wakishaweka saini, nakala hubandikwa ukutani, na watu hujazana kuisoma kwa mwanga wa simu. Mmoja husoma kwa sauti, mwingine anaandika kiganjani. Macho hayaishii kwenye jina la aliyeongoza. Yanashuka mstari wa pili: amempita kwa ngapi?

Mgeuko mkubwa: kutoka 3 kwa 3 hadi 6 kwa 0

Oktoba 28, 2020, miaka 5 tu baadaye, CCM ilizoa majimbo yote 6. Momba ilimpeleka bungeni Condester Sichalwe, Mbozi George Mwenisongole, Ileje Godfrey Kasekenya. Mulugo alipita kwa mara ya tatu mfululizo jimboni Songwe, baada ya 2010 na 2015. Upinzani ulilalamikia kuenguliwa wagombea na kufukuzwa mawakala sehemu nyingi za nchi; Tume ya Uchaguzi ikatangaza matokeo, na kesi ya urais haifunguliki kwa mujibu wa Katiba.

Mhamaji bingwa

Hapa mshindi hana mpinzani: David Silinde. Mwaka 2010, akiwa kijana wa miaka ya ishirini, alinyakua Mbozi Magharibi kwa tiketi ya Chadema. Jimbo likagawanywa, 2015 akarudi kupitia Momba, bado Chadema. Mei 2020 chama kikamvua uanachama pamoja na wabunge wengine watatu, kwa kukaidi agizo la kutoingia bungeni wakati wa hofu ya korona. Akahamia CCM, na Oktoba akashinda Tunduma, kiti alichokuwa amekalia Mwakajoka, mwenzake wa jana. Desemba akawa naibu waziri wa TAMISEMI. Hadi hapo: uchaguzi mara 3, majimbo 3, vyama 2. Tunduma ni mji wa kuvuka mpaka. Kuna waliovuka na mbunge wao, na kuna waliobaki ng'ambo.

Kima cha chini na kima cha juu

Kitaifa, mahudhurio duni kuliko yote ya uchaguzi mkuu ni ya 2010: waliojiandikisha walikuwa milioni 20 hivi, waliopiga kura hawakufika asilimia 43. Ya juu kabisa ni ya Oktoba 29, 2025: Tume ilitangaza asilimia 87, na Samia Suluhu Hassan akapewa asilimia 97.66, zaidi ya kura milioni 31.9. Hakuna rais wa Tanzania wa enzi ya vyama vingi aliyewahi kuikaribia namba hiyo. Jakaya Kikwete wa 2005 aliishia 80.28 na Magufuli wa 2020 akaishia 84.4.

Sasa pima. Karatasi ya 2025 ilikuwa na wagombea urais 17, lakini Chadema, chama kilichokuwa na nusu ya Songwe miaka 10 nyuma, hakikuwemo: Aprili kilizuiwa kwa kutosaini kanuni za maadili. Siku ya kura intaneti ilizimwa nchi nzima, na vurugu zilizotikisa Dar es Salaam zilifika hadi Tunduma. Siku zile, kwenye mji ambao pumzi yake ni foleni ya malori, walioongoza foleni hawakuwa wapiga kura.

Mpaka wenye hesabu mbili

Kutoka Tunduma hadi Nakonde, nchini Zambia, ni mwendo wa miguu, lakini hesabu ya urais inabadilika. Upande huu, tangu Katiba ibadilishwe mwaka 2000, anayewazidi wenzake ameshinda hata asipofika nusu. Upande wa Zambia, tangu 2016, lazima avuke nusu. Kanuni hiyo ilipotumika mwaka huo Rais Edgar Lungu alivuka kwa unywele: asilimia 50.35. Ni Lungu huyohuyo aliyekata utepe na Magufuli kwenye kituo cha pamoja cha mpakani Oktoba 5, 2019. Agosti 2021 akashindwa na Hakainde Hichilema kwa pengo la karibu kura milioni 1, akakubali matokeo, akafungasha.

Kura 23

Rekodi inayonivutia zaidi iko mbali. Ujerumani ina jimbo dogo liitwalo Saarland, lenye watu karibu milioni 1. Songwe kwa sensa ya 2022 ina 1,344,687. Saarland ina bunge lake lenye viti 51, na viti hugawanywa kwa uwiano wa kura, ila chama kisichofika asilimia 5 hakipati kitu. Machi 27, 2022, chama cha SPD kilipata asilimia 43.5 na viti 29, kikatawala peke yake. Chama cha Kijani kikakosa asilimia 5 kwa kura 23. Ishirini na tatu! Abiria wa daladala moja kutoka Mpemba kwenda mjini wangetosha kuwaingiza bungeni.

Waliokosa kura 23 walijua walichokosa. Walipimwa.

Sokoni Tunduma bado utakuta mizani ya sahani mbili: huku mchele, huku jiwe la kilo. Ondoa jiwe, upande wa mchele utashuka mpaka chini kabisa, kwa kishindo. Mteja haulizi umeshuka kiasi gani. Anauliza jiwe liko wapi.