Fahamu: Jinsi jamii za Mbeya na Iringa zinavyoweza kustahimili maafa

Ustahimilivu wa jamii ni uwezo wa watu wa eneo fulani kujiandaa kabla ya janga, kulikabili linapotokea na kurejea katika maisha ya kawaida. Katika Nyanda za Juu Kusini, ambako mvua hunyesha kwa msimu mmoja kuanzia Novemba hadi Aprili, udongo wa miteremko hulowa kwa miezi mingi mfululizo, hata ukashindwa kujishikilia. Aprili 2024, tope liliporomoka kutoka Mlima Kawetere jijini Mbeya, likafukia nyumba na kuharibu shule katika kata ya Itezi. Mkoani Iringa, tarafa ya Pawaga iko bondeni, hivyo maji yanayoshuka na Mto Ruaha Mdogo huweza kuigharikisha hata mvua isiponyesha hapo.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji, nazo za chini ndizo zenye nafasi ya kwanza ya kuainisha maeneo hatarishi, kuzuia ujenzi miteremkoni na kufikisha tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Kazi ya kuainisha maeneo hayo haina budi kukamilika kabla mvua hazijaanza Novemba.