Mji wa Kale wa Mombasa: Nani Atalala Humo Kesho?

Katika mazungumzo ya barazani, katika shughuli za arusi na hata za matanga, kuna habari moja isiyokwisha vinywani mwa wakaazi wa Mji wa Kale wa Mombasa: nyumba fulani imeuzwa. Nyingine imefungwa na wenyewe wamehamia ng'ambo ya maji. Nyingine imebomolewa, na mahali pake pamepanda ghorofa la saruji ambalo kivuli chake chafunika ua wa jirani. Duka lililokuwa la sonara sasa lauza vifuniko vya simu. Chumba cha chini alimokuwa fundi cherehani sasa ni cha wakala wa kutuma na kupokea pesa.

Wapo wasemao kuwa haya ni maendeleo, na wapo wasemao kuwa ni msiba. Sisi twaona kuwa mabadiliko yenyewe si jambo geni. Lililo geni, na lililo zito kwa kila familia yenye nyumba Kibokoni, Kuze au Mzizima, ni kuwa safari hii huenda mji ukabaki na maduka, ukabaki na wageni, lakini usiwe na watu wa kulala ndani yake.

Biashara zimekuwa zikija na kuondoka

Tukumbuke kwanza kwamba mji huu uliishi kwa biashara tangu hapo. Majahazi yalifika Bandari ya Kale kwa pepo za kaskazi, yakileta tende, mazulia na samaki wa chumvi kutoka nchi za Ghuba, na kusi ilipovuma yakarudi na boriti na mazao ya bara. Maghala yalijaa, na wenye maghala ndio waliojenga nyingi katika nyumba tuzionazo leo. Fort Jesus, ambapo sisi wenyeji twapaita Ngomeni, ilijengwa na Wareno baina ya 1593 na 1596, lakini nyumba nyingi zilizosimama mitaani ni za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20.

Kisha mambo yakageuka. Ujenzi wa reli ulianza mwaka 1896, na meli kubwa zikahamia Kilindini. Mwaka 1914 likajengwa soko la Mackinnon, ambalo sote twalijua kwa jina la Marikiti, na uzito wa biashara ukasogea kuelekea Barabara ya Digo. Mji wa Kale haukufa. Ulipata riziki nyingine, na baadaye utalii ulipostawi pwani, Ndia Kuu ikajaa maduka ya vinyago na zulia.

Nayo riziki hiyo ikayumba. Mwezi wa Mei 2014 Uingereza iliwaonya raia wake wasije kisiwani Mombasa isipokuwa kwa dharura, na maduka mengi ya vinyago yakakosa mnunuzi. Mei 2020, wakati wa maradhi ya korona, serikali ilipiga marufuku kuingia na kutoka Mji wa Kale, na mikahawa ikafungwa. Hata hivyo, siku zile zilitufunza jambo. Barabara zilipofungwa na wageni wasiwepo, mji ulikuwa bado una watu. Palikuwa na majirani wa kupelekeana chakula, na adhana zilisikika juu ya mapaa ya nyumba zenye wenyewe. Mji usio na wakaazi ungekuwa kimya kitupu.

Usiku ni wa nani?

Wasomaji wetu wengi ni akina mama, na watakubaliana nasi kuwa usalama wa mtaa hupimwa usiku. Usiku wa Mji wa Kale una ada yake. Baada ya Isha muuza kahawa hupita na dele lake akigonganisha vikombe, wazee hukaa barazani, watoto hutumwa viazi karai na mishkaki, na mama mwenye karai lake mlangoni huuza bajia na kaimati huku akiona kila apitaye. Mwezi wa Ramadhani ndio kilele chake. Mtaa wa Biashara hujaa wanunuzi wa leso na nguo za Idi hadi karibu ya daku, na msichana aweza kutembea na mamaye bila hofu.

Usiku huo si sawa na usiku wa mabaa na kumbi za muziki za Moi Avenue, ambao uko hatua chache tu kutoka kwetu. Wala si sawa na matembezi ya jioni ya Mama Ngina, ambako ufuo ulitengenezwa upya mwaka 2019 na familia nyingi sasa huenda kupunga upepo. Usiku wa Mji wa Kale haulindwi kwa ukuta wala kwa mlinzi wa kuajiriwa. Walinzi wake ni macho ya watu madirishani na barazani. Nyumba mbili zikifungwa katika kichochoro kimoja, taa mbili huzimika. Zikifungwa tano, kichochoro hicho huwa cha wauza unga na vijana waliokosa shughuli. Wazazi waishio karibu na magofu wanalijua hili vyema kuliko sisi.

Kwa hiyo mama auzaye kaimati mlangoni pake ana kazi mbili: anatafuta riziki, na bila ya kuajiriwa na yeyote analinda mtaa. Akihamishwa na kodi kubwa, zote mbili huondoka naye.

Njia tatu za kuipoteza nyumba

Nyumba ya kale hupotea kwa njia tatu, na kila moja tumeiona pwani yetu.

Ya kwanza ni kuporomoka. Tuliona huko Unguja, ambako Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 zama za Sultan Barghash, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020 hali ya kuwa linakarabatiwa, na watu wawili wakafa. Ikiwa jumba kubwa kama lile limeanguka, nyumba ya familia isiyo na mfuko wa matengenezo itasimama kwa nini?

Ya pili ni kukarabatiwa ikawa nzuri, kisha ikawa tupu. Lamu, iliyotambuliwa kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, na jirani yake Shela, zina nyumba nyingi zilizonunuliwa na wageni. Zimepakwa chokaa na milango yake ya nakshi inang'ara. Lakini nyingine zakaa miezi mingi pasi na mtu ila mtunzaji, na wajukuu wa waliozijenga wapangisha vyumba pembeni ya mji.

Ya tatu ndiyo ituhusuyo zaidi Mombasa: kuuzwa ili ibomolewe. Mji wa Kale ulitangazwa kuwa eneo la kuhifadhiwa mwaka 1990, na atakaye kubadilisha jengo yampasa apate idhini ya kaunti na ya ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Sheria ipo, lakini sheria haiwezi kumzuia mwenye nyumba asiuze. Mwaka 2018 serikali ya kaunti iliagiza majengo ya katikati ya mji yapakwe rangi nyeupe na buluu. Rangi hupendeza macho, lakini haishiki boriti iliyooza.

Kwa nini nyumba huchakaa upesi siku hizi

Nyumba zetu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vya kale ni vyembamba, kwani upana wake ulifuata urefu wa boriti. Chokaa huruhusu ukuta kupumua. Unyevu uingiao kutoka chini hutoka nje tena ukakauka. Saruji hufanya kinyume chake. Ukuta wa matumbawe ukipigwa lipu ya saruji, maji hufungiwa ndani, chumvi husukuma lipu ikavimba na kudondoka, na ncha za boriti zilizomo ukutani huoza pole pole pasi na mtu kuona. Baadhi ya watu huondoa boriti wakamimina zege. Zege ni zito, na ukuta wa matumbawe haukujengwa kwa kubeba uzito huo.

Ni kweli kwamba boriti ni ghali na si rahisi kupatikana, hasa tangu mwaka 2018 serikali iliposimamisha kwa muda ukataji wa miti katika misitu ya umma, mikoko ikiwamo. Mafundi wa chokaa nao wamepungua. Lakini kuziba paa kabla ya masika, kusafisha mifereji ya maji na kurekebisha lipu kwa chokaa badala ya saruji ni kazi ndogo ziwezekanazo, nazo huongeza umri wa nyumba kwa miaka mingi.

Nusu ya nyumba ni ya wanawake

Tukiuliza ni kwa nini hata kazi hizo ndogo hazifanywi, jibu mara nyingi ni moja: nyumba haina mwenyewe, maana wenyewe ni wengi. Babu alifariki, mirathi haikugawanywa, baba naye akafariki, na sasa warithi wametawanyika Mombasa, Nairobi, Maskati na London. Kila mmoja angoja mwenzake atengeneze paa. Anapotokea mnunuzi na fedha mkononi, huonekana kama mkombozi.

Hebu tupige hesabu ya mfano. Mtu amefariki, wazazi wake walimtangulia, hana deni wala wasia. Ameacha mke mmoja, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Mke hupata thumuni, yaani 1/8. Kinachobaki hugawanywa, mwana wa kiume akipata mafungu mawili na wa kike fungu moja. Mafungu ni saba, na kila fungu hutoka sawa na 1/8 ya nyumba. Basi kila mwana wa kiume ana 2/8, kila binti ana 1/8, na mama ana 1/8. Mama na binti zake watatu wana 4/8. Nusu ya nyumba ni yao.

Pamoja na hayo, ni mara ngapi akina mama huletewa karatasi watie sahihi baada ya bei kukubaliwa? Ni binti wangapi waliambiwa kuwa wao wameolewa na wana nyumba zao, kwa hivyo neno lao si lazima? Hili si suala la ada. Ni haki iliyowekwa na dini, na anayeinyamazia huisaidia nyumba kupotea. Mwanamke ajuaye fungu lake aweza kusema hapana, au kusema tungoje, au kusema nitanunua mimi.

Yanayowezekana

Twapendekeza mambo manne ambayo familia yaweza kuyaanza bila ya kungoja serikali.

Kwanza, mirathi igawanywe na iandikwe. Mahakama ya Kadhi inatambuliwa na Katiba ya 2010 katika mambo ya urithi baina ya Waislamu. Familia ikikaa, ikaorodhesha warithi wote, wa kike na wa kiume, walio karibu na walio mbali, nusu ya ugomvi huisha kabla haujaanza.

Pili, kodi ya duka la chini isigawanywe yote. Itengwe sehemu kila mwezi kwa ajili ya paa na kuta, iwekwe mahali panapojulikana na kila mrithi, na hesabu zisomwe mbele ya wote.

Tatu, mrithi atakaye kuuza awape wenziwe nafasi ya mwanzo. Fiqhi yetu inaijua haki hii kwa jina la shufaa: mshirika katika mali isiyogawanywa ana haki ya kununua fungu kabla ya mtu wa nje. Ndugu watatu wakichanga wakamnunua mmoja aliye na shida, yeye amepata fedha zake na nyumba imebaki.

Nne, kwa familia isiyoweza kuitunza wala isiyotaka kuiuza, iko njia ya wakfu. Misikiti mingi ya mji huu imeishi kwa kodi za nyumba zilizowekwa wakfu na watu waliokwisha kutangulia, wanawake wakiwamo. Nyumba ya wakfu haiuzwi kiholela, na yaweza kuwa makao ya wajane au madrasa ya mtaa.

Hatusemi kuwa kila duka jipya lifungwe. Mkahawa unaofunguliwa katika nyumba ya kale, ukaheshimu jirani na kuajiri vijana wa mtaa, ni kheri. Vyumba vya wageni vyaweza kulipia paa, maadamu mwenye nyumba bado analala juu. Lakini kabla ya sahihi kutiwa, na iitishwe baraza ya familia nzima, na mama na mabinti wakae mbele. Waulizwe wanataka nini, na jibu lao liandikwe pamoja na la ndugu zao wa kiume.