Mtoto wa mchimbaji na krayoni

Mtoto wa mwenzetu mmoja wa ekipe ya usiku anachora watu. Baba alitaka kukata minervali: «Utakula krayoni?» Sisi wa sindika tulimuonyesha «Madame Livingstone», kitabu cha 2014 chenye Barly Baruti wa Kisangani alichora. Ni vita ya kwanza, ku Ziwa Tanganyika. Muongozaji mmoja anavaa jipe ya Waskoti. Ukishaona ile jipe, unamujua ku kila ukurasa, hata akiwa mbali. Ile njo kazi yenyewe: kutengeneza muntu mpaka atambulikane. Sasa mtoto anachora baba yake: kasike, mabega ya kuinama, buti. Baba anasema mabega ni ya uongo. Minervali ya mwezi huu amelipa. Ya mwezi ujao inangojea mshahara.