Fahamu: ADHD wakati wa ujauzito

ADHD ni hali ya ubongo inayoanza utotoni na kwa wengi huendelea ukubwani. Mtu hushindwa kukaza akili kwenye jambo moja, husahau, hutenda kabla ya kufikiri. Si uvivu wala malezi mabaya.

Dawa ina hatari gani?

Inayotumika sana ni methilfenideti. Utafiti wa 2018 uliohusisha Marekani na nchi 5 za kaskazini mwa Ulaya uliona ongezeko dogo la kasoro za moyo pale mama alipoitumia miezi 3 ya mwanzo: takriban watoto 3 zaidi katika kila 1,000. Utafiti wa Denmark wa 2023 haukuona madhara katika ukuaji wa akili wa watoto.

Kuacha ghafla nako kuna hatari: huzuni, ajali, kliniki zilizosahaulika. Kwa hiyo mama asiache dawa kwa uamuzi wake peke yake. Azungumze na daktari, ikiwezekana kabla ya kushika mimba.

Na aliyeko Ryansoro, Burundi?

Mwaka 2019 na 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikataa kuingiza methilfenideti kwenye orodha yake ya dawa muhimu, orodha ambayo nchi nyingi huifuata, kwa hiyo huenda dawa hiyo isipatikane karibu. Burundi ilifuta malipo ya kujifungua mwaka 2006, hivyo kituo cha afya ndipo pa kuanzia. Mama amweleze mkunga waziwazi. Kwa matibabu ya akili, Bujumbura kuna kituo cha Kamenge.

Nyumbani, usingizi wa kutosha na mume au dada wa kumkumbusha tarehe za kliniki na vidonge vya madini ya chuma humsaidia sana.