Miaka 18 Imetimia: Njia za Vijana wa Kilifi Kuingia Utu Uzima

Kwa sheria za Kenya, mtu mzima ni yeyote aliyetimiza miaka 18. Kifungu cha 260 cha Katiba kinasema hivyo, na kifungu hichohicho kinamhesabu kijana kuwa mtu aliyetimiza miaka 18 na hajafikisha 35. Kwa hivyo mtu huwa mtu mzima na kijana kwa pamoja kwa muda wa miaka 17.

Nyumbani hesabu ni nyingine. Mzazi wa Ganze au Kaloleni humwona mwanawe amekua anapoanza kujitegemea, anapooa au kuolewa, au anapojenga. Vijana hawayafikii hayo kwa mpangilio mmoja. Kuna anayetoka Kidato cha Nne akaingia Chuo Kikuu cha Pwani. Kuna aliyeacha shule ya msingi akaenda kuvua Ngomeni, na akiwa na miaka 19 tayari analisha nyumba. Kuna binti aliyejifungua akiwa Kidato cha Pili, akawa mama kabla sheria haijamwita mtu mzima. Na kuna mwenye digrii, miaka 27, ambaye bado anaomba nauli kwa mamake. Ukiuliza nani kati yao amekua, kila baraza litakuwa na jibu lake.

Tatizo ni kwamba familia nyingi hutambua njia moja tu, ile ya chuo kikuu, na wengine wote huonekana wamekwama. Katika KCSE ya 2024, watahiniwa 246,391 walipata C+ au zaidi, ambacho ndicho kiwango cha kuingilia kozi za digrii. Hao ni takriban mmoja kati ya wanne nchini kote. Watatu waliobaki hawawezi kuwa wote wameshindwa na maisha.

Kwao, mlango ulio karibu ni chuo cha ufundi cha kijijini. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeviweka vyuo hivi chini ya serikali za kaunti. Havimfungii nje aliyepata E, wala ambaye hakufika Kidato cha Nne. Mtu hujifunza uashi, umeme, ushonaji au ufundi wa magari.

Lakini wapo ambao ujuzi wanao tayari. Mwashi aliyefanya mjengo Mariakani kwa miaka sita, akianza kwa kubeba mawe na kuchanganya simiti, hahitaji kufundishwa upya namna ya kupanga matofali. Anachokosa ni cheti. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) hutoa mtihani wa gredi kwa mafundi kama huyu, kuanzia Gredi ya Tatu hadi ya Kwanza. Mtahiniwa hupimwa kwa kazi ya mikono yake. Bila cheti hicho, fundi huyo ataendelea kulipwa kama kibarua huku aliyemfunza yeye mwenyewe akiandikwa kazi kama fundi. Ukitaka kwenda mbali zaidi, asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, ila ni kwa biashara iliyosajiliwa na yenye PIN ya KRA.

Yote hayo husimama juu ya kitambulisho. Kijana asiye nacho hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, kufungua akaunti wala kupiga kura. Pesa za samaki aliowavua hupitia simu ya mtu mwingine, na kinachomfikia ni kile mwenye simu ataamua. Mara nyingi kinachochelewesha ni cheti cha kuzaliwa, hasa kwa waliozaliwa nyumbani. Wazazi wasingoje mtoto afikishe miaka 18 ndipo waanze kukitafuta.

Kwa mama wachanga, njia ya kurudi shuleni ipo. Sera ya kitaifa imewaruhusu tangu 1994, na mwongozo wa 2020 uliifafanua. Mwalimu mkuu hana ruhusa ya kumkataa kwa sababu amezaa, na akionewa haya na wenzake anaweza kusaidiwa kuhamia shule nyingine. Kumwoza siyo suluhisho: Sheria ya Ndoa ya 2014 hairuhusu ndoa ya aliye chini ya miaka 18, hata wazazi wa pande zote mbili wakikubaliana. Kinachowarudisha wengi nyumbani ni swali dogo la nani atabaki na mtoto, na hapo nyanya au shangazi aliye tayari hufaa kuliko hotuba yoyote.

Anayeomba kitambulisho kwa mara ya kwanza aende na cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi kwa afisi ya usajili wa watu iliyo karibu, au aanzie kwa chifu wake. Anayetaka kujiunga na chuo cha ufundi aulize katika afisi ya msimamizi wa wadi.