Tairi Likilika Upande

Wenye magari wengi, waonapo tairi limelika upande mmoja, hulilaumu tairi. Hulitupa, hununua jipya kwa fedha nyingi, na baada ya miezi michache hulalamika tena. Kwa maoni yetu lawama hiyo haikufika mahali pake. Mara nyingi mwenye kosa ni gurudumu lisilokaa sawa, na tairi jipya halitaponea hapo.

Kazi ya kuyarudisha magurudumu katika mkao wake, ambayo mafundi huiita alaimenti, huangalia mambo matatu. La kwanza ni jinsi magurudumu yanavyoelekea mbele, kama nyayo za mtu ambazo huweza kugeukia ndani au nje. La pili ni kuinama kwa gurudumu, likitazamwa kutoka mbele ya gari. La tatu ni mlalo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia, unaousaidia usukani kurudi katikati baada ya kona.

Kosa dogo hapo ni hasara kubwa barabarani. Gurudumu lililogeuka kwa nyuzi 1 tu huburuzwa ubavu kiasi cha mita 17 katika kila kilomita. Katika safari ya Dar es Salaam hadi Morogoro, takriban kilomita 190, tairi hilo litakuwa limeburuzwa ubavu zaidi ya kilomita 3. Aidha, ukingo unaolika huweza kuwa ule wa ndani, usioonekana na mtu aliyesimama kando ya gari. Dereva huendelea na safari zake hadi waya zitokeze, au tairi lipasuke gari likiwa limejaa abiria.

Basi magurudumu yapimwe lini? Yapimwe gari linapovuta upande katika barabara tambarare ilhali upepo wa matairi ni sawa. Usukani unapokaa kombo na gari linakwenda moja kwa moja. Baada ya kugonga shimo kwa nguvu. Baada ya kubadilisha viungo vya usukani au springi. Na kila yafungwapo matairi mapya. Hata pasipo dalili, kupima mara moja kwa mwaka ni busara. Usukani unaotetemeka katika mwendo wa kasi, aghalabu hudai balansi, ambayo ni kazi nyingine.

Mafundi nao tunawakumbusha kwamba kurekebisha magurudumu ambayo viungo vyake vimelegea ni kumla mteja bure. Viungo vikaguliwe kwanza, upepo usawazishwe, ndipo vipimo vifuate. Mwenye gari naye asione haya kudai aonyeshwe vipimo vya kabla na vya baada, vikilinganishwa na vile vilivyowekwa na mtengenezaji wa gari.

Twatoa mwito kwa kila dereva, hasa achukuaye abiria, ainame na kuutazama ukingo wa ndani wa matairi yake kabla ya safari. Gharama ya kupima haifikii bei ya tairi, wala hapana tairi lenye thamani ya roho ya mtu.